Kimalayalam cha kuanzia: maneno ya kila siku kwa Mswahili aliye Ghuba au anayempeleka mgonjwa Kerala

Ukiishi Maskati, Dubai au Doha, Kimalayalam utakisikia hata usipokitafuta. Anayekukorogea chai kwenye kafeteria, mwenye duka la mtaani, nesi anayekupima presha, fundi anayekuja kutengeneza kiyoyozi: wengi wao kwao ni Kerala, jimbo la kusini magharibi mwa India lililokuwa na watu zaidi ya milioni 33 katika sensa ya 2011. Walianza kuja Ghuba kwa wingi biashara ya mafuta ilipopamba moto miaka ya 1970, na wapo hadi leo. Anayempeleka mgonjwa India naye atawakuta, si Kochi tu, mji wa Kerala, bali hata kwenye wodi za Delhi na Mumbai, kwa sababu manesi wa Kerala wametawanyika India nzima.

Orodha za maneno ya Kimalayalam zilizoko mtandaoni karibu zote zimefasiriwa kwa Kiingereza. Ushauri wangu kwa Mswahili ni huu: usipitie huko. Kiingereza kinakunyang'anya mambo ambayo lugha yako tayari inayo. Kinakupa neno moja la "rice" mahali ambapo Wamalayali, yaani wenye lugha hii, wana matatu, na wewe pia unayo matatu. Kinakupa "no" moja mahali ambapo wao wanatofautisha hakuna, siyo na sitaki. Fasiri moja kwa moja kwa Kiswahili na utaenda haraka zaidi.

Hatua ya 1: Rekebisha masikio na macho

Kimalayalam kina herufi zake, za mviringo na nzuri kutazama, lakini kwenye simu watu huandika kwa herufi za Kilatini wakifuata mazoea ya Kiingereza. Kwa hiyo usisome kama Kiswahili.

*Th* si ile ya thelathini. Ni "t" inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Watu wa Mombasa na Lamu wanaotofautisha "t" mbili katika lahaja zao wataipata mara moja. *Thenga*, yaani nazi, isome "teeng'a", kwa "ng'" ya ng'ombe. *Oo* ni "u" ndefu na *ee* ni "i" ndefu: *meen*, samaki, ni "miin". *Nj* mwanzoni mwa neno ni "ny" yetu, kwa hiyo *njan*, mimi, ni "nyaan".

Inabaki *zh*, sauti inayowatoa watu jasho. Kunja ncha ya ulimi nyuma bila kugusa kaakaa, kisha toa sauti iliyo kati ya "r" na "y". Imo katika *mazha* (mvua), *vazhi* (njia) na jina la mji wa Kozhikode. Ikikushinda, tamka "y". Waislamu wengi wa Malabar, kaskazini mwa Kerala, huitamka hivyo katika lahaja yao, na utaeleweka.

Sauti ya kuchunga zaidi ni konsonanti zinazorudiwa na zile za kukunja ulimi. *Pani* ya kawaida ni homa. Ukiivuta "n", *panni*, umesema nguruwe. Ukiitamka "n" kwa ulimi uliokunjwa nyuma, umesema kazi. Vivyo hivyo *palli*: kwa "l" nzito ya kukunja ulimi ni msikiti, na pia kanisa, maana neno ni lilo hilo kwa dini zote mbili. Kwa "l" nyepesi ni mjusi wa ukutani. Mwombe mwenyeji akutamkie mara kadhaa huku ukitazama mdomo wake.

Hatua ya 2: Jifunze jozi tatu kabla ya neno jingine lolote

Hapa ndipo ningetaka utulie, kwa kuwa jozi hizi peke yake zinakufikisha mbali.

*Und* ni ipo, yupo, ninayo. Kinyume chake ni *illa*: hakuna, hayupo, sina. Ukiuliza dukani kama kuna maziwa, utasema *Paalundo?* na jibu litakuwa *und* au *illa*. Ile "o" ya mwishoni ndiyo inayogeuza neno kuwa swali.

*Athe* ni ndiyo, ndivyo. Kinyume chake ni *alla*: siyo. Mtu akikuuliza kama wewe ni Mmisri na wewe ni Mkenya, jibu ni *alla*, wala si *illa*. Mswahili hawezi kuchanganya hapa akikumbuka kwamba hata kwao "siyo" na "hakuna" haziwezi kubadilishana mahali. Na kwa sikio la Mwislamu: *alla* hii haina uhusiano na jina la Mwenyezi Mungu, usishtuke.

*Venam* ni nataka, inahitajika. Kinyume ni *venda*: sitaki, haihitajiki. Ukikaribishwa kuongezewa chakula na umeshiba, sema *venda* au *mathi*, yaani yatosha.

*Illa* ina kazi nyingine kubwa. Sisi hukanusha mwanzoni mwa kitenzi, kwa "si" na "ha". Wao hukanusha mwishoni, kwa hiyo sikiliza sentensi hadi iishe kabla hujajibu. *Ariyilla*, sijui. *Manasilaayilla*, sikuelewa. *Pattilla*, haiwezekani. *Saaramilla*, si kitu. Na ile utakayoisikia kutwa: *kuzhappamilla*, hakuna tabu. Ukishaitambua *illa* mkiani mwa maneno haya, nusu ya mazungumzo ya ofisini yameshakufungukia.

Jibu la kukubali mara nyingi haliwi neno. Mmalayali huyumbisha kichwa taratibu upande huu na upande huu, na mgeni hudhani amekataliwa. Hapana, amekubali. Neno linaloandamana na kichwa hicho ni *shari*, hutamkwa karibu na "sheri", nalo maana yake ni sawa, haya. Halina ubaya wowote ndani yake.

Hatua ya 3: Mwite mtu kwa heshima yake

Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa sana. Kerala humwiti mkubwa wako kwa jina tupu. Mwanamume aliyekuzidi umri ni *chettan*, kaka mkubwa, na ukimwita unasema *chetta*. Mwanamke ni *chechi*, dada mkubwa. Kama ni Waislamu, hasa wa Malabar, kaka ni *ikka* na dada ni *itha* au *ithatha*. Mama mtu mzima mwite *amma*. Nyumbani kwa Waislamu mama ni *umma* na baba ni *uppa*. Nesi wa kike, hata awe mdogo kwako, huitwa *sister*, kwa Kiingereza hichohicho.

Wewe ukiwa mdogo, wazee watakuita *mone*, mwanangu wa kiume, au *mole*, mwanangu wa kike. Ni upendo, itikia.

Kuna maneno mawili ya "wewe". *Nee* ni kwa mtoto na rafiki wa damu, *ningal* ni kwa wengine. Lakini njia ya adabu zaidi ni kuacha kabisa neno la wewe na kuweka cheo cha udugu mahali pake: *Chettan kazhicho?* Kaka amekula? Ni kama vile sisi tunavyomwambia mama mkwe, "Mama ameamkaje?" tukiwa tunamtazama yeye mwenyewe. *Eda* na *edi* utayasikia vijana wakiitana. Waachie wenyewe mpaka urafiki ukomae.

Hatua ya 4: Salamu

Vitabu vitakufundisha *namaskaram*, nayo ni sahihi, ya heshima na ya mikutanoni. Kwa Waislamu *assalamu alaikum* inatosha. Lakini salamu za kila siku ni maswali, kama zetu.

*Sukhamaano?* U mzima? Jibu ni *sukham*. *Entha vishesham?* ni habari gani kabisa, maana *vishesham* ndizo habari. Ukiwa huna jipya, jibu *onnumilla*, hakuna kitu. Halafu *Chaya kudicho?* Umekunywa chai? na *Kazhicho?* Umekula? Jibu ni *kudichu* na *kazhichu*, au *kudichilla* na *kazhichilla* ikiwa bado. Ukijibu bado, jiandae kukaribishwa.

Mtu akitaka kukujua zaidi atauliza *Naadu evideya?* Neno *naadu* ni kwenu, mahali ulikotoka, mizizi yako. Swali hili halitafuti anwani ya fleti unayokaa. Linauliza kwenu wapi. Taja Tanga, Kisumu, Bujumbura.

Asante ni *nanni*, ila watu wa nyumba moja hawaambiani hivyo kwa kila kikombe cha maji. Usipoisikia, hukudharauliwa. Wakati wa kuaga usiseme tu kwamba unakwenda. Sema *poyittu varaam*, naenda kisha nitakuja.

Hatua ya 5: E, i, a

Ukijua herufi hizi tatu umepata maneno kumi na zaidi kwa bei ya matatu. "E" huuliza, "i" huonyesha cha karibu, "a" huonyesha cha mbali. *Evide* wapi, *ivide* hapa, *avide* pale. *Ethu* kipi, *ithu* hiki, *athu* kile. *Eppol* lini, *ippol* sasa, *appol* wakati ule. *Engane* vipi, *ingane* hivi, *angane* vile.

Ongeza *valathu* (kulia), *idathu* (kushoto), *nere* (moja kwa moja), *aduthu* (karibu) na *doore* (mbali), na unaweza kuuliza njia: *Aashupathri evideyaanu?* Hospitali iko wapi?

Hatua ya 6: Mezani

Hapa Mswahili wa pwani yuko nyumbani. Mpunga shambani ni *nellu*, mchele gunia zima ni *ari*, wali kwenye sahani ni *choru*. Ukisoma kamusi ya Kiingereza ukaenda dukani kutafuta *choru* kilo mbili, watakuonyesha hoteli. Nazi iliyokomaa ni *thenga*, dafu ni *karikku*. Muhogo ni *kappa*, na chakula cha kujivunia cha Kerala ni *kappayum meenum*, muhogo na samaki, ile "um" ikiwa ndiyo "na", ila wao huibandika kwenye maneno yote mawili. Muhogo uliwafikia kutoka Amerika ya Kusini kama ulivyotufikia sisi, na Visakham Thirunal, mfalme wa Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa Kerala, kati ya 1880 na 1885, aliuhimiza sana uliwe na watu wake.

Maji ni *vellam*. Hotelini Kerala utaletewa maji ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi. Usiyarudishe: yamechemshwa na vipande vya mti uitwao *pathimugham*, na kwa mgeni ni salama kuliko ya bombani. Chai ni *chaya*, ya maziwa. Chai ya rangi ni *kattan chaya*, na ikitiwa limau huitwa *sulaimani*, kinywaji cha Malabar ambacho Ghuba nzima sasa inakijua. Sukari ni *panchasara*, chumvi *uppu*, yai *mutta*, nyama *irachi*, kuku *kozhi*, ndizi mbivu *pazham*. Iliki ni *elakka*, karafuu *grampu*, na manjano ni *manjal*, hutamkwa karibu na "manynyal".

Jaribu *puttu*, unga wa mchele na nazi uliopikwa kwa mvuke ukatoka kama kibomba, na *unniyappam*, ambavyo ukiviona utasema ni vitumbua, maana hata chuma chake kina vishimo vilevile. Pilipili ikikutisha, sema *erivu kurachu mathi*, ukali kidogo watosha. *Kurachu* ni kidogo, *kurachu koodi* ni ongeza kidogo.

Kuagiza: *Oru chaya tharumo?* Utanipa chai moja? *Panchasara venda.* Ukimaliza: *Ethrayaayi?* Imekuwa kiasi gani?

Hatua ya 7: Hesabu na duka

*Onnu, randu, moonnu, naalu, anchu, aaru, ezhu, ettu, onpathu, pathu.* Tisa utaisikia "ombathu". Ishirini ni *irupathu*, hamsini *anpathu*, mia *nooru*, elfu *aayiram*. Laki ni *laksham*, na thamani yake ni ileile, 100,000. Bili ya hospitali ikitajwa kwa *laksham*, wewe huna haja ya kuhesabu sifuri kama Mzungu.

Pesa utasikia *paisa*, na chenji au baki ni *baakki*. Maneno kama haya yako mengi: *mesha* ni meza, *vakkeel* ni wakili, *perakka* ni pera, *achaar* ni achari, *halwa* ni haluwa, *sarbath* ni sharubati. Bahari ilikuwa moja. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyempata hapo, akafika karibu na Kozhikode tarehe 20 Mei, na njia hiyo mabaharia wetu na wao walikuwa wakiijua zamani. Beypore, jirani na Kozhikode, ni bandari maarufu kwa mafundi wa majahazi ya mbao. Na kama wazee wetu walivyoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Waislamu wa Malabar nao waliandika Kimalayalam kwa herufi hizohizo. Kwa hiyo ukiliona neno linalofanana na letu, lijaribu. Mara nyingi litakuwa lenyewe.

Hatua ya 8: Hospitali

Daktari atazungumza Kiingereza. Mfanya usafi, msukuma kiti, mama wa kitanda cha jirani na nesi wa zamu ya usiku aliyechoka, hao ndio utakaowahitaji saa nane za usiku, na hao huzungumza chao.

*Vedana* ni maumivu. Yaunganishe na kiungo: *thala* kichwa, *thalavedana*, *vayaru* tumbo, *vayaruvedana*, *nenchu* kifua, *nenchuvedana*. Viungo vingine: *kannu* jicho, *chevi* sikio, *kai* mkono, *kaal* mguu, *pallu* jino. Homa ni *pani*, kikohozi *chuma*, kutapika *chhardi*, kizunguzungu *thalakarakkam*, kukosa pumzi *shwaasammuttal*. Damu ni *raktham*. Hili la pumzi na lile la kifua yakariri leo, usingoje siku ya kuyahitaji.

Nesi atauliza *Vedanayundo?* Yapo maumivu? *Evideyaanu vedana?* Yako wapi? Onyesha useme *ivide*. *Ethra divasamaayi?* Imekuwa siku ngapi? Jibu *randu divasam*, siku mbili. *Pedikkanda* ni usiogope.

Dawa ni *marunnu*, kidonge ni *gulika*. Nyakati za kumeza ni *raavile* asubuhi, *uchakku* adhuhuri, *raathri* usiku. *Bhakshanathinu munpu* ni kabla ya kula, *bhakshanathinu shesham* ni baada ya kula. Hapa usitegemee kumbukumbu: rudia maelezo kwa sauti, kisha mwombe nesi ayaandike kwenye pakiti. Na ukisubiri: *Doctor eppol varum?* Daktari atakuja saa ngapi?

Hatua ya 9: Kitenzi kisichokusumbua

Kuna zawadi moja. Kitenzi cha Kimalayalam hakibadiliki kwa mtendaji. *Njan pokunnu*, naenda. *Avan pokunnu*, yule mwanamume anaenda. *Avar pokunnu*, wale wanaenda. Hakuna ni-, a-, wa-. Kinachobadilika ni wakati: *pokunnu* sasa, *poyi* jana, *pokum* kesho, *pokilla* hakuna kwenda. Kitenzi hukaa mwisho: *njan chaya kudikkunnu*, mimi chai nakunywa.

Ila kwa kutaka, njaa na ugonjwa huanzi na *njan*. Unaanza na *enikku*, yaani kwangu: *Enikku vellam venam*, nataka maji. *Enikku vishakkunnu*, nina njaa. *Enikku sukhamilla*, sijisikii vizuri.

Hatua ya 10: Itoe mdomoni

Chagua kafeteria moja na uagize chai yako hapo kila siku kwa Kimalayalam, sentensi zilezile, mpaka zitoke bila kufikiri. Baada ya hapo ongeza swali moja la habari. Maneno mapya yaandike kwenye simu kwa tahajia ya Kiswahili, jinsi wewe ulivyoyasikia, maana ndiyo utakayoweza kuyasoma ukiwa na haraka.

Wakizungumza mbio, na watazungumza mbio, sema *pathukke parayoo*, sema polepole. Wakikujibu kwa Kiingereza, Kihindi au Kiarabu kwa kukuhurumia, wewe shikilia Kimalayalam chako. Na mzungumzaji wa Kozhikode akisema neno tofauti na wa Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala ulio kusini, wote wawili wako sahihi: fuata la yule unayeishi naye.